Kamera, maikrofoni na spika za laptopu: mwongozo kamili wa kuzipima, kuzirekebisha na kuzitumia vizuri

Kijana mmoja aliniletea laptopu yake jioni, akiwa na usaili wa kazi kwa njia ya video kesho yake saa tatu asubuhi, akaniomba nimwelekeze kwa fundi wa kubadilisha kamera kwa kuwa ya kwake ilikuwa "imekufa". Mashine ilikuwa ThinkPad iliyokwishatumika, ya aina inayouzwa kwa wingi madukani Kariakoo. Nilipoiinamia, niliona kitone chekundu juu ya skrini, mahali ambapo lenzi ilipaswa kuwa. Nilikisukuma pembeni kwa ukucha, kitone kikatoweka, lenzi ikatokeza, na picha yake ikajaa kwenye skrini. Kile hakikuwa kioo kilichoharibika wala taa ya hitilafu, bali kifuniko kidogo kilichowekwa na mtengenezaji ili mwenye mashine aweze kuiziba kamera asipoihitaji. Alikuwa ameimiliki laptopu ile kwa miezi saba bila kujua kwamba ina kifuniko.

Matatizo mengi ya picha na sauti huwa ya namna hiyo: kifaa ni kizima, ila kuna mlango mmoja uliofungwa katika njia yenye milango mingi. Njia hiyo huanzia kwenye mwili wa mashine, hupita kwenye kibodi, huingia ndani ya Windows, hufika kwenye programu ya mkutano, na huishia chumbani ulimokaa. Anayekagua kwa mpangilio huo humaliza kazi kwa robo saa, na anayeanzia katikati anaweza kukesha. Nitafuata mpangilio huo huo, nikitumia Windows 11 kama mfano, kisha nitaigusa Mac kwa ufupi. Kwa kuwa kompyuta nyingi za huku kwetu zimepangwa kwa Kiingereza, maandishi ya kwenye skrini nitayataja kama yanavyoonekana, ndani ya alama za kunukuu.

Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu neno moja. "Kipaza sauti" hutumika kwa kifaa cha kusemea na pia kwa kile kinachotoa sauti, na nimeshuhudia mteja na fundi wakibishana kwa dakika kumi kwa sababu ya neno hilo tu. Katika mwongozo huu, maikrofoni ni ya kusemea, na spika ni ya kusikilizia.

Anza na mwili wa mashine

Kaa penye mwanga, fungua laptopu, na utazame ukingo wa juu wa skrini. Lenzi ya kamera huwa katikati, na pembeni yake huwa na taa ndogo ambayo huwaka kamera inapofanya kazi. Kama kuna kifuniko, kitakuwa kitelezi chembamba sana ambacho kidole huweza kukipita bila kukihisi, hivyo tumia ukucha. Laptopu nyingine hazina kitelezi juu ya lenzi, bali zina swichi ndogo ubavuni, karibu na tundu za kuchomekea vifaa, ambayo hukata mawasiliano ya kamera kabisa kiasi kwamba hata Windows haioni kwamba kamera ipo.

Sasa tafuta maikrofoni. Watu wengi hudhani haipo kwa sababu hawaioni, kumbe ni vitundu viwili au zaidi vya ukubwa wa ncha ya sindano, mara nyingi kila upande wa kamera, na katika mashine nyingine juu ya kibodi au ukingoni mwake. Vitundu hivyo huwa viwili kwa sababu maalumu: kompyuta hulinganisha sauti iliyofika kila kimoja, ikakisia sauti ya mtu aliyekaa mbele na kupunguza zinazotoka pembeni. Basi ukikiziba kimoja kwa stika, au kwa ile nailoni ya kukinga kibodi na skrini ambayo wengi hawapendi kuibandua, utasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati. Bandua kila kilichobandikwa karibu na vitundu hivyo, kisha upitishe brashi laini na kavu. Usichokoe kwa sindano, kwa kuwa utando wa maikrofoni uko karibu sana na mlango wake.

Spika za laptopu nyingi hutazama chini, chini ya mahali pa kuwekea viganja. Ukiiweka mashine juu ya godoro au mapajani penye khanga, sauti yote humezwa na kitambaa, na utaongeza sauti hadi 100 bila faida. Iweke juu ya meza ngumu, na mara moja utasikia tofauti ambayo hakuna programu inayoweza kukupa.

Mwisho wa hatua hii, chungulia tundu la hedifoni. Vumbi au kipande cha pini kilichokatikia humo huidanganya kompyuta kwamba hedifoni imechomekwa, nazo spika hunyamaza. Chomeka hedifoni yoyote, ichomoe, na urudie mara kadhaa, kwani mara nyingi hilo hutosha kuisafisha swichi ya ndani. Ukitaka kutumia hedifoni za simu kusemea, hesabu mistari myeusi kwenye pini: mitatu ina maana ya sehemu nne za mguso, yaani kuna maikrofoni, na miwili ina maana ya kusikiliza tu.

Vitufe vya kibodi

Tazama safu ya juu ya vitufe, vile vinavyoanza na F1. Juu ya baadhi yake kuna michoro midogo: spika iliyokatwa kwa mstari, maikrofoni iliyokatwa kwa mstari, na katika mashine nyingine kamera iliyokatwa vilevile. Kwenye ThinkPad nyingi, F1 huzima spika na F4 huzima maikrofoni, na kila kimoja huwasha kitaa chake sauti inapokuwa imezimwa. Katika mashine nyingine nafasi hubadilika kulingana na aina, kwa hiyo fuata mchoro, si namba. Kitufe kisipotii, kibonyeze huku umeshikilia kitufe cha Fn kilicho pembe ya chini kushoto.

Hapa ndipo mtoto au paka anapoharibu mkutano bila mwenye mashine kujua. Nimezoea kuwaambia watu waangalie kitaa cha maikrofoni kabla ya kufungua mipangilio yoyote, kwa kuwa Windows inaweza kukuonyesha kwamba kila kitu ni shwari ilhali kitufe kimeshakata sauti mlangoni.

Ruhusa za Windows

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi I, ili kufungua "Settings". Upande wa kushoto chagua "Privacy & security", shuka hadi "Camera", ubofye. Utakuta swichi tatu za kuzingatia, zikifuatana. Ya kwanza, "Camera access", inaifungulia mashine nzima. Ya pili, "Let apps access your camera", inaruhusu programu kwa jumla, na chini yake kuna orodha ya programu moja moja za duka la Microsoft. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: "Let desktop apps access your camera". Programu ulizozipakua kutoka kwenye tovuti, kama vile Zoom, pamoja na vivinjari, hutegemea swichi hii ya tatu, na ikizimwa kamera inaweza kufanya kazi kwenye programu ya "Camera" ya Windows huku Zoom ikionyesha giza tupu. Washa zote tatu, rudi nyuma, na ufanye hivyo hivyo kwenye "Microphone".

Ukurasa huo pia huonyesha ni programu gani zilitumia kamera au maikrofoni siku za karibuni na saa ngapi. Usiupite bila kuusoma.

Kuchagua kifaa kilicho sahihi

Hapa ndipo penye vurugu kubwa zaidi, kwa sababu kompyuta moja inaweza kuwa na maikrofoni tatu na spika nne kwa wakati mmoja, na Windows hutumia ile inayoidhani kuwa bora. Rudi kwenye "Settings", chagua "System", kisha "Sound". Sehemu ya juu, "Output", ni ya spika, na ya chini, "Input", ni ya maikrofoni.

Kwenye "Input", maikrofoni ya ndani mara nyingi huandikwa "Microphone Array", na pembeni jina la mtengenezaji wa kadi ya sauti, kwa mfano Realtek. Ukiona "Stereo Mix" ndiyo iliyochaguliwa, hapo umepata jibu la kwa nini watu wanasikia muziki wa kompyuta yako lakini hawakusikii wewe, maana chaguo hilo halisikilizi chumba, husikiliza sauti inayopita ndani ya mashine. Chagua maikrofoni ya ndani, bofya jina lake ili kufungua ukurasa wake, ubonyeze "Start test", useme sentensi mbili kwa sauti ya kawaida, kisha usimamishe. Windows itakupa asilimia ya juu kabisa iliyofikiwa. Ikiwa chini sana, ongeza "Input volume". Ikigota kwenye 100 kila ukisema, punguza, kwa kuwa sauti iliyopasuka haiwezi kurekebishwa baadaye.

Kwa mashine ambazo sauti hubaki ndogo hata baada ya hapo, kuna mlango wa zamani ambao Microsoft haijauondoa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, na ubonyeze Enter. Fungua "Recording", bofya maikrofoni mara mbili, nenda "Levels". Katika baadhi ya laptopu utakuta "Microphone Boost", ambayo hukuza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10, 20 au 30. Anza na 10. Ukiweka 30, utakuza pia feni, jokofu na jirani.

Ukiwa humo humo, fungua "Communications". Windows kwa kawaida hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapogundua kwamba uko kwenye simu ya intaneti, na ndiyo maana muziki au video unayotaka kuwaonyesha wenzako hudidimia ghafla. Chagua "Do nothing" kama hutaki tabia hiyo.

Kuhusu spika, mkanganyiko mkubwa hutokea unapochomeka projekta au televisheni kwa waya wa HDMI. Sauti huhamia huko mara moja, hata kama projekta haina spika, na ukumbi mzima hukaa kimya ukimtazama mtoa mada. Bofya alama ya spika iliyo pembe ya chini kulia ya skrini, bofya kishale kilicho kando ya kipimo cha sauti, na uchague spika za laptopu. Kazi ni ya sekunde tano kwa anayejua mahali pa kubofya.

Nao wanaotumia hedifoni za Bluetooth wajue kwamba nyingi zake haziwezi kutoa sauti nzuri na kupokea sauti ya kusemea kwa wakati mmoja. Unapoanza mkutano, hedifoni huhamia kwenye hali ya simu, na ghafla kila mtu husikika kama anaongea kwenye redio ya mkulima. Dawa yake ni kusikilizia hedifoni lakini kuchagua maikrofoni ya ndani ya laptopu kwenye "Input". Ubora wa sauti unayoisikia utarudi, na hedifoni itaendelea kuzuia mwangwi.

Kamera nayo ina ukurasa wake: "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Cameras". Utaiona kwa jina kama "Integrated Camera" au "Integrated Webcam". Ukiibofya, utapata picha ya moja kwa moja na vipimo vya kuongeza au kupunguza mwangaza na ukali wa tofauti za rangi. Mabadiliko unayoyafanya hapo hufuata kamera kila programu inapoifungua, kwa hiyo ni mahali pazuri kuliko kuhangaika ndani ya kila programu.

Jirekodi kabla wengine hawajakuona

Hatua hii huiruka karibu kila mtu, nami niliiruka mwaka fulani nilipokuwa nikitoa mafunzo ya mtandaoni kwa ofisi moja. Nilizungumza kwa dakika 40. Mwishoni mwenyeji aliniambia kwa upole kwamba walinisikia vizuri isipokuwa kila nilipoandika, kwa kuwa vidole vyangu vilisikika kama mtu anayepiga misumari. Maikrofoni ya laptopu yangu ilikuwa juu ya kibodi, na mimi nilikuwa nimeandika muda wote.

Fungua "Sound Recorder", programu inayokuja na Windows 11, bonyeza kitufe chekundu, useme kwa dakika moja katika hali ile ile utakayokuwa nayo kwenye mkutano: kiti kile, umbali ule, feni ikizunguka, ukichapa maneno machache. Kisha jisikilize kwa hedifoni, si kwa spika. Utasikia mambo ambayo sikio lako limeshazoea kuyapuuza. Rekodi huhifadhiwa ndani ya "Documents", katika folda ya "Sound Recordings". Kama unarekodi somo au mahojiano unayotaka kuyatuma, chagua muundo wa M4A au MP3, kwani WAV ya ubora wa diski ya muziki, yaani stereo ya biti 16, hula takriban megabaiti 10 kila dakika, na saa moja itakuwa mzigo ambao WhatsApp na bando lako havitaufurahia.

Kwa picha, fungua programu ya "Camera", upige picha moja na video ya sekunde 20. Zote huenda kwenye "Pictures", folda ya "Camera Roll". Ukipata ujumbe wenye namba 0xA00F4244, Windows inasema haijaona kamera yoyote. Rudi kwenye kifuniko, swichi na vitufe kabla ya kufikiria fundi. Namba 0xA00F4243 ina maana kwamba programu nyingine imeishikilia kamera, hivyo funga Zoom, Teams na vichupo vya kivinjari kimoja baada ya kingine.

Kama kamera haionekani kabisa, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua "Device Manager", utafute "Cameras". Mshale mdogo wa kuelekea chini juu ya jina la kamera una maana kwamba imezimwa, nawe utabofya kulia na kuchagua "Enable device". Kama haipo kwenye orodha, bofya "Action", kisha "Scan for hardware changes". Kwa mashine iliyowekewa Windows upya, pakua draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba ya aina iliyoandikwa chini ya mashine, wala usizichukue kwenye tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kifaa duniani.

Ndani ya programu ya mkutano

Kila programu ina chaguo zake za vifaa, na chaguo hizo zinaweza kupingana na za Windows. Kwenye Zoom, fungua mipangilio, sehemu ya "Audio", uchague spika na maikrofoni kwa majina, kisha ubonyeze vitufe vya kujaribu. Sehemu hiyo pia ina kiwango cha kuzuia kelele: cha juu huondoa feni na mbwa, lakini kinaweza kukata mwanzo wa maneno ya mtu mwenye sauti ndogo, basi kipime kwanza. Ukiwa umejinyamazisha, shikilia kitufe cha nafasi ili kusema kwa muda mfupi, ukiachie ukimaliza. Alt pamoja na A huzima na kuwasha maikrofoni, na Alt pamoja na V hufanya hivyo kwa kamera.

Kwa Google Meet ndani ya kivinjari, ruhusa hutolewa kwa kila tovuti. Kama uliwahi kubofya "Block" kwa haraka, tovuti haitakuuliza tena. Bofya alama ndogo iliyo kushoto mwa anwani, juu kabisa, ubadilishe kamera na maikrofoni ziwe "Allow", kisha upakie ukurasa upya.

Usishtuke ukijiona umegeuzwa kama kwenye kioo, na maandishi ya fulana yako yakisomeka kinyume. Hivyo ndivyo unavyoonyeshwa wewe peke yako. Wenzako wanakuona sawasawa.

Mwanga na sura yako

Kamera ya laptopu ya kawaida ni ya 720p, yaani nukta 1280 kwa 720, zisizofika hata milioni moja, na nzuri zaidi huwa ya 1080p. Kihisi chake ni kidogo kwa sababu lazima kiingie ndani ya mfuniko mwembamba, na kihisi kidogo hukusanya mwanga kidogo. Penye giza, kamera hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, hivyo mwendo wako huonekana kama unakokotwa, na nafasi tupu hujaa chengachenga. Kwa hiyo mwanga unaleta faida kubwa kuliko kununua kamera mpya.

Kaa ukilitazama dirisha, usilipe mgongo. Dirisha likiwa nyuma yako, kamera hupima mwangaza wa picha nzima, ikaona ni mwingi, ikajipunguza, na uso wako ukageuka kivuli. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa hata ukuta mweupe uliopakwa chokaa, au shati jeupe kubwa, huweza kuidanganya kamera kwa njia ile ile. Chagua nyuma yako pazia au kitenge cha rangi ya kati, vaa rangi isiyo nyeupe sana, na uweke taa ya mezani mbele yako, ikiwa imeelekezwa ukutani ili mwanga urudi ukiwa laini. Kama huna taa, skrini yenyewe ikionyesha ukurasa mweupe kwa mwangaza wa juu husaidia usiku.

Ukiona mistari ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha chini ya taa ya umeme, sababu yake ni mzunguko wa umeme. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali wa Marekani na Saudi Arabia una 60, na laptopu iliyopangwa kwa soko la huko inaweza kuhesabu vibaya mipigo ya taa zetu. Kwenye mipangilio ya programu ya "Camera", chini ya mipangilio ya video, tafuta "Flicker reduction" na uchague 50 Hz.

Inua laptopu kwa vitabu hadi lenzi ilingane na macho. Kamera iliyo chini huonyesha pua na dari, na mhojiwa huonekana kama anawadharau wanaomhoji. Unapozungumza, tazama lenzi. Unaposikiliza, unaweza kutazama nyuso zao. Picha za mandhari ya kubuni nyuma yako ziepuke kwenye mashine ya zamani, kwa sababu huichosha kompyuta, feni ikapaza kelele, na masikio yako yakaonekana na kutoweka.

Kelele, mabati na mwangwi

Mimi huipa sauti kipaumbele kuliko picha. Watu huvumilia uso wenye ukungu kwa saa nzima, lakini hawavumilii sauti inayokatika kwa dakika tano. Sogea karibu: ukipunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, sauti inayoifikia huongezeka kwa takriban desibeli 6, huku kelele za chumba zikibaki pale pale. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini ya laptopu ili mitikisiko ya meza isipande hadi kwenye maikrofoni.

Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti. Chumba cha kulala, chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, ndicho studio ya bei nafuu kuliko zote. Mvua ikianza juu ya mabati, hakuna kizuizi cha kelele kinachoishinda. Hapo hedifoni yenye maikrofoni iliyo karibu na mdomo ndiyo mkombozi, na ukikosa, waambie wenzako mapema na uandike badala ya kusema.

Mwangwi hutokea sauti ya wenzako inapotoka kwenye spika zako na kuingia tena kwenye maikrofoni yako. Programu hujaribu kuutoa kwa kulinganisha kilichotumwa kwenye spika na kilichosikika, lakini hushindwa spika zikipazwa mno. La ajabu ni kwamba anayesababisha mwangwi ndiye asiyeusikia. Mkijiunga wawili katika chumba kimoja kwa laptopu mbili, mmoja azime maikrofoni yake na spika zake pia, la sivyo mlio mkali utaanza kuzunguka kati ya mashine.

Kama mtandao unasuasua, zima picha kwanza. Video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa kwa kila upande, kutuma na kupokea, ilhali sauti peke yake kwa kilobiti 80 kwa sekunde haifiki megabaiti 40. Kwa mama anayezungumza na mwanawe aliye Muscat kwa bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watamaliza mazungumzo.

Faragha

Taa ya kamera ikiwaka ilhali hujafungua programu yoyote, tazama ukurasa wa "Privacy & security" uone ni nani anaitumia. Maikrofoni inapotumika, Windows 11 huonyesha alama yake ndogo pembe ya chini kulia. Mwaka 2016, Mark Zuckerberg alipiga picha ofisini, na waangalifu wakagundua nyuma yake laptopu iliyobandikwa utepe juu ya kamera, kwa hiyo usione haya kubandika wa kwako. Kama una MacBook, tumia karatasi nyembamba na uitoe kabla ya kufunga mfuniko, kwa kuwa Apple yenyewe imeonya kwamba kifuniko kinene huweza kupasua skrini, nafasi iliyopo kati yake na kibodi ikiwa ndogo mno.

Kwa wenye Mac

Ruhusa ziko kwenye "System Settings", sehemu ya "Privacy & Security", kisha "Camera" na "Microphone". Kitone cha kijani juu ya skrini kina maana kwamba kamera inatumika, na cha rangi ya chungwa ni cha maikrofoni. Jaribu picha kwa Photo Booth, na sauti kwa QuickTime Player, ukichagua "New Audio Recording" kwenye "File". Mengine yote, kuanzia mwanga hadi mabati, hayabagui aina ya kompyuta.

Wakati wa kumwona fundi

Waya wa kamera na wa maikrofoni zilizo juu ya skrini hupita kwenye bawaba, na hujikunja kila unapofungua na kufunga mfuniko. Kama picha hukatika mfuniko unapofika pembe fulani na kurudi ukiusogeza, tatizo si mipangilio tena. Waya umechoka au umelegea, na kuurudishia au kuubadilisha ni kazi ndogo kuliko kubadilisha skrini nzima, ingawa kuna watakaokuambia skrini yote itoke. Spika inayokwaruza kwa sauti ya chini na ya juu sawia mara nyingi imepasuka utando, nayo huuzwa peke yake kwa mashine nyingi zilizotumika.

Kabla ya kulipa, washa programu ya "Camera" ukiwa hapo hapo mezani kwa fundi, ufungue na kufunga mfuniko polepole mara kumi huku ukitazama picha, kisha urekodi sauti yako kwa nusu dakika na kuisikiliza akiwepo.